Mizani 10 zimetimia, mbona maneno ya Kiswahili hayakai kwenye mahadhi ya Verdi?

MwalimuWaSauti, Chumbageni, Tanga

Wana jukwaa, salaam.

Kuna kwaya ya watu 24, sauti nne, kinanda kimoja. Tunataka kuimba kwa Kiswahili "Va, pensiero", wimbo wa mateka Waebrania katika opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Nabucco ya Giuseppe Verdi. Nota zipo na mpiga kinanda anaziweza. Kinachokwama ni maneno.

Mishororo ya Kiitaliano inasemekana ina mizani 10, basi na sisi tumetunga ya 10. Mfano:

Ewe wazo langu, paa juu
Nchi yetu nzuri ya mababu

Hesabuni wenyewe, 10 na 10. Ukiisoma kwa mdomo ni safi. Ukiiimba, anasikika mtu aliyejifunza Kiswahili jana. "Langu" inageuka "la-NGU", "nzuri" inageuka "nzu-RI". Na pale mwanzo wa mshororo wa pili, kwenye "nchi", sauti ya kwanza wanaimba "inchi", besi wanafumba mdomo, wengine hawatoi kitu.

Naomba msaada kwa haya. Kwanza, Waitaliano wanahesabuje? Pili, kosa letu liko wapi hasa ikiwa hesabu imetimia? Tatu, ubeti wao unaishia kwenye neno "natal", ambalo mkazo wake uko mwisho kabisa. Kiswahili hakina maneno ya hivyo. Tunafanyaje?

---

Mizani_na_Nota, Raskazone, Tanga

Mwalimu, hesabu yenu ni sahihi. Kosa ni kwamba mmehesabu kama washairi wa kwetu, na mahadhi hayo hayakutungiwa shairi la kwetu.

Angalia shairi letu la 8 na 8. Mshairi anatunza idadi na vina. Kwa kuwa kila kipande kinaishia mwisho wa neno, na neno la Kiswahili mkazo wake huwa silabi ya pili kutoka mwisho, basi mkazo wa mizani ya 7 na ya 15 umejifunga wenyewe. Iliyobaki ndani ya kipande iko huru, na hakuna mtu anayemuuliza mshairi mkazo wake wa tatu uko wapi. Katika taarabu hilo halidhuru, maana shairi linatangulia, kisha fundi anatafuta mahadhi ya kulivisha. Anavuta pale neno linapotaka kuvutwa.

Wewe unakwenda kinyume. Mahadhi yalishashonwa mwaka 1841, kwa kipimo cha mtu mwingine, na huyo mtu si Verdi. Ni Temistocle Solera, mshairi aliyeandika maneno ya Nabucco. Yeye ndiye aliyechagua mshororo wa mizani 10, na mshororo huo kwa Waitaliano una sheria ya ndani: mkazo kwenye silabi ya 3, ya 6 na ya 9. Verdi alipoukuta umepangwa hivyo, akaweka mapigo yake mazito hapohapo. Tazama:

Va pen-SIE-ro sul-L'A-li do-RA-te

Ya 3, ya 6, ya 9. Sasa weka wako:

E-we WA-zo LA-ngu PA-a JU-u

Mkazo uko 1, 3, 5, 7, 9. Ya 3 imekubaliana na Solera, ya 9 imekubaliana. Ya 6 ndipo linapoangukia "ngu" la "langu", silabi isiyo na mkazo, na muziki unaikanyaga kwa nguvu. Huko ndiko "la-NGU" inakotoka. Mshororo wa pili ugonjwa ni uleule: ya 6 ni "ri" ya "nzuri".

Kwa hiyo acha kutafuta mizani 10 tu. Tafuta 4-3-3. Silabi nne za mwanzo zifungwe na mwisho wa neno (neno moja la silabi nne, au mawili ya mbilimbili), kisha neno la silabi tatu, kisha jingine la tatu. Mkazo wetu wa pili kutoka mwisho utakuweka kwenye 3, 6 na 9 bila kujikaza. Kwa kweli Kiswahili kinakaa hapa vizuri kuliko lugha nyingi za Ulaya. Mfano:

Nenda wazo, mabawa upige
Uvizuru vilima vya kwetu

NE-nda WA-zo, ma-BA-wa u-PI-ge. U-vi-ZU-ru vi-LI-ma vya-KWE-tu. "Vya kwetu" ni maneno mawili, lakini yanatamkwa kama moja la silabi tatu, kwa hiyo yanafaa. Ukikata 5 na 5, mikazo inakwenda 4 na 9. Ukikata 6 na 4, inakwenda 5 na 9. Vyote viwili vinaleta mizani 10 timilifu na vyote vinaharibu wimbo.

Na mshororo wenu wa pili hauhitaji kutupwa. Ondoa "nzuri ya mababu", weka hivi:

Nchi yetu, urithi wa babu

u-RI-thi inaleta 6, wa-BA-bu inaleta 9.

Sasa kuhesabu kwao. Usihesabu kutoka kwenye nota hata siku moja. Mtunzi wa muziki anarudia maneno, anakata, anaunganisha, na mishororo inapotea machoni. Tafuta libreto, yaani maneno yaliyopangwa kishairi. "Va, pensiero" ina beti 4 za mishororo 4, jumla 16, na hayo ndiyo mnayotakiwa kutunga. Marudio hamyatungii, mtarudia ya kwenu.

Kisha ujue kwamba irabu mbili zinapokutana, moja mwisho wa neno na nyingine mwanzo wa neno linalofuata, Mwitaliano huzimeza kuwa mizani moja. Chukua mshororo wa tatu:

ove olezzano tepide e molli

Ukihesabu kwa mazoea yetu unapata 12. Wao ni 10: o / veo / lez / za / no / te / pi / dee / mol / li. "Ve" na "o" zimekuwa nota moja, "de" na "e" nota moja. Kiswahili hakimezi hivyo. "Ua" ni mbili, "kaa" ni mbili, "maua" ni tatu. Basi chini ya nota hiyo moja weka silabi moja ya kwetu, usijaribu kubana mbili kwa sababu tu umeona irabu mbili zimeandikwa. Kama neno linazidi, tumia inkisari tulizorithi, "mwanangu" badala ya "mwana wangu", kuliko kumlazimisha mwimbaji kukimbia.

---

Mpwani_Bagamoyo

Naongezea kwenye "nchi", maana hapo ndipo kwaya nyingi za pwani na bara zinapochafuka.

M na N zinazosimama zenyewe kama silabi ni mizani kamili: m-tu, n-chi, m-ti, n-ne. Tena katika maneno ya silabi mbili kama hayo, mkazo unaangukia juu ya hiyo M au N, kwa kuwa ndiyo ya pili kutoka mwisho. Kwa mdomo halina shida. Kwa wimbo ni shida, kwa kuwa sauti inapita puani mdomo ukiwa umefungwa au ulimi umeziba. Nota fupi ya chini inabebeka. Nota ndefu ya juu haibebeki, mwimbaji ataongeza "i" au "u" atake asitake, na ndiyo hiyo "inchi" yenu.

Dawa mbili. Ya kwanza, iweke M au N kwenye nota fupi isiyo na pigo zito. Katika "Nchi yetu, urithi wa babu" N imeangukia nota ya 1, ambayo inatangulia tu kabla ya pigo zito la 3, kwa hiyo inapita. Waambie wote 24 waguse N palepale nota inapoanza, ulimi kwenye ufizi, sauti ikitoka puani kwa kimo cha nota yenyewe, halafu "chi" ije kwa wakati wake. Wasiivute.

Ya pili, hamisha mkazo kwa -ni. "Mti" mkazo uko kwenye M. Ukisema "mtini", mkazo unakwenda kwenye "ti" na M inabaki nyepesi. "Nchi" ikawa "nchini", mkazo uko "chi". Ubeti wa tatu wa Solera unasema na kinubi kilichotundikwa kwenye mti, umetoka kwenye Zaburi ya 137. Pale mnaweza kuimba:

E kinubi cha kale, sauti
Uliacha kwa nini mtini?

Hesabu: e-ki-NU-bi cha-KA-le sa-U-ti. U-li-A-cha kwa-NI-ni m-TI-ni. M imeangukia ya 8, nyepesi kabisa.

Ubeti huo uandikieni maneno yenye irabu pana. Beti mbili za mwanzo sauti zote zinaimba mahadhi mamoja, kwa sauti ya chini. Kwenye "Arpa d'or", mwanzo wa ubeti wa tatu, ndipo kwaya inapasuka kwa nguvu na sauti zinagawanyika. Ukiweka "i" au "u" chini ya nota za juu za sauti ya kwanza watabana koo. "A" na "o" zinafunguka. Kiitaliano kina sauti saba za irabu, sisi tano, lakini zetu zote zipo ndani ya zao, kwa hiyo utamkaji hautawasumbua.

---

Kinanda_Makorora

Kwa nini mnajitesa na Verdi? Mtunzi Schubert ana nyimbo zaidi ya 600, nyingi fupi, na kuna zenye beti zinazorudia mahadhi yaleyale kama mashairi yetu. "Heidenröslein", maneno ya mshairi Goethe, muziki wa mwaka 1815, beti tatu, mahadhi mamoja. Mwimbaji mmoja na kinanda, kazi imekwisha.

---

Mizani_na_Nota, Raskazone, Tanga

Ndugu Kinanda, wimbo ni mzuri na kwa mwimbaji mmoja ningeuunga mkono. Lakini usiseme ni rahisi. Kijerumani kinapenda kufunga mshororo kwa silabi yenye mkazo, na hilo ndilo swali la tatu la Mwalimu.

"Sah ein Knab' ein Röslein stehn": silabi 7, mkazo 1, 3, 5, 7, na "stehn" imekaa peke yake mwisho. Kiswahili hakiwezi kuishia kwenye mkazo. Utaongeza silabi ya 8 isiyo na mkazo, na hapo unapata kipande chetu cha 8 chenye mkazo wa 7. Sharti ndani yake utumie maneno ya silabi mbili au nne tu:

Ua lile, ua dogo

U-a LI-le U-a DO-go. Imekaa sawasawa. Ukiweka "waridi", silabi tatu, mkazo unahama hadi nafasi shufwa na mshororo mzima unakwenda upogo. Sentensi kama "Kijana kaona ua" ina 8, ni Kiswahili kizuri, lakini mkazo wake ni 2, 5, 7. Haiimbiki hapo. Kile kibwagizo cha "Röslein auf der Heiden" chenyewe kina 6 na mkazo wa 5, kwa hiyo "Ua la bondeni" linaingia bila kugusa nota.

Turudi kwenye "natal". Kila ubeti wa Solera unaishia kwa neno lililokatwa: natal, fatal, fu, virtù. Waitaliano wanauita mshororo huo wa 10 ingawa silabi zinazosikika ni 9, kwa sababu wanahesabu hadi mkazo wa mwisho kisha wanajaalia moja baada yake. Sisi hiyo moja tunayo kweli. Mfano wa mshororo wa kufungia:

Kule pwani, nyumbani kwa mama

au kwa ubeti wa tatu, badala ya "ci favella del tempo che fu":

Tuambie habari za jana

Mikazo ni 3, 6, 9 kama kawaida, lakini nota ya mwisho ni moja na silabi ni mbili, "ja-na". Igawe nota hiyo. Kama ina mapigo mawili, "ja" ichukue pigo moja na nusu, "na" ichukue nusu. Kama ina pigo moja, robo tatu na robo. Zote mbili ziwe kimo kilekile. Usimruhusu mtu ateremke kwenye "na", kwa kuwa sauti zikigawanyika tena, kila mmoja ataangukia pake na kinanda hakitawafuata. Pigia mstari wa penseli mahali "na" inapokatwa, kwa sauti zote nne, la sivyo utasikia "na-na-na-na" kama mvua inayoisha.

Kuna watakaokushauri umalizie kwa "tu" au "si" ili kupata silabi moja yenye nguvu. Mara moja inapendeza. Mara nne katika wimbo mmoja inachosha, na maana inapindishwa ili neno "tu" lipate pa kukaa.

---

MwalimuWaSauti, Chumbageni, Tanga

Ahsanteni sana. 4-3-3 imefungua mlango. Jioni hii tumepata hii:

Tukilia mtoni Babeli
Tulipokumbuka Sayuni

Ya pili naona ina kasoro ila sioni wapi. Na nota ziko F shapu meja, shapu sita, mpiga kinanda analalamika.

---

Mpwani_Bagamoyo

Ya kwanza ni dhahabu: tu-ki-LI-a m-TO-ni Ba-BE-li. M imekaa ya 5, nyepesi. Usiiguse.

Ya pili ina 9: tu-li-po-ku-MBU-ka sa-YU-ni. Mkazo uko 5 na 8. Kinachoiharibu ni neno la silabi sita lililoanza mshororo. Neno la silabi sita haliwezi kusimama mwanzo hapa, litakula nafasi ya 3 bila kuipa mkazo. Vunja: "Na Sayuni moyoni ikawa", na-Sa-YU-ni mo-YO-ni i-KA-wa. Au geuza sentensi ili kitenzi kiwe kifupi.

Shapu sita: teremsha nusu hatua, iwe F, bemoli moja tu. Waimbaji wanaosoma kwa d r m (do, re, mi) hawataona tofauti yoyote, utabadilisha jina la doh juu ya karatasi basi. Mpiga kinanda apewe nakala iliyoandikwa upya, asiambiwe ahamishe kichwani. Besi wako wakiwa wepesi, usiteremke zaidi ya hapo, watazama.

---

Msomaji_wa_Libreto, Tanga mjini

Nimefuatilia kimya. Naomba mkichapa karatasi ya ukumbini msiandike "wimbo wa Verdi" peke yake. Andikeni: maneno ya Kiitaliano, Temistocle Solera, muziki, Giuseppe Verdi, maneno ya Kiswahili, jina la aliyetunga. Mambo yote mliyojadili hapa, 3-6-9, 4-3-3, mshororo uliokatwa, ni ya Solera. Libreto hii kabla ya kumfikia Verdi ilipelekwa kwa Otto Nicolai, akaikataa. Verdi akaichukua, ikaonyeshwa kwenye jumba la opera la La Scala, Milan, tarehe 9 Machi 1842, na ndiyo iliyomfungulia njia.

Nasisitiza hili kwa sababu hata kwetu shairi la taarabu linadumu miaka, watu wanamtaja mwimbaji na kikundi, na aliyetoa maneno hatajwi. Katika opera hali ni hiyohiyo. Watu wanasema Figaro ya Mozart, Don Giovanni ya Mozart. Maneno ya zote mbili, 1786 na 1787, pamoja na Così fan tutte ya 1790, ni ya Lorenzo Da Ponte, padri aliyezaliwa katika familia ya Kiyahudi na kufia New York mwaka 1838. Norma ya Bellini, 1831, maneno ni ya Felice Romani. Na kama mnatafuta wimbo wa pili wa kuingiza Kiswahili, tazameni "Casta diva" humo ndani: "Casta diva, che inargenti" ni mizani 8 yenye mkazo wa 3 na wa 7. Kipande chetu cha 8 kinaingia humo, mradi mkazo wa tatu uangaliwe. Onyo lake ni kwamba silabi moja inavutwa juu ya nota nyingi, kwa hiyo silabi za 1 na 3 ziwe na "a" au "o", na mwimbaji awe fundi.

Kinyume chake, "La donna è mobile" ya Rigoletto, 1851, maneno ya Francesco Maria Piave, iacheni. "Mobile" mkazo wake ni silabi ya tatu kutoka mwisho, na mishororo kadhaa inaishia hivyo. Kiswahili hakina maneno ya kutosha ya umbo hilo.

Na si kila mara maneno yametangulia. Puccini alipokuwa akitengeneza La bohème, iliyoonyeshwa 1896, mahadhi ya waltz ya Musetta yalikuwa tayari, akawapelekea washairi wake, Luigi Illica na Giuseppe Giacosa, maneno yasiyo na maana, mlio wa jogoo na nyama ya kuchoma, ili waone tu mkazo uko wapi. Mwalimu, njia hiyo mnaweza kuitumia leo. Imbeni mahadhi yote kwa "ta-ta-TA-ta ta-TA-ta ta-TA-ta" mara tatu kabla ya mtu yeyote kushika kalamu. Anayetunga akishaisikia hivyo, "langu" haitakaa tena kwenye nafasi ya 5 na 6.

Kuhusu ruhusa: Solera alifariki 1878, Verdi 1901, maneno na muziki wa asili ni mali ya wote. Ila kama nota mliyonayo imepangwa upya na mtu wa karibuni, mpangilio huo una mwenyewe. Angalieni chini ya ukurasa wa kwanza kabla ya kutoa nakala 24.

---

MwalimuWaSauti, Chumbageni, Tanga

Nimeangalia, ni chapa ya zamani, haina mpangaji mwingine. Tumeanza na "ta-ta-TA-ta". Beti mbili za mwanzo zimekaa, ya tatu tumechukua kinubi cha ndugu wa Bagamoyo, na jina lake la jukwaani litakuwa kwenye karatasi pamoja na la Solera. Bado mishororo minne ya mwisho.